Buti Ndefu Mlangoni kwa Wakwe

Dada Zaina, shikamoo. Mimi nipo Mpanda, nipo tu.

Ushauri wako niliufuata wote: gauni la kitenge liishie magotini, buti ndefu zimalizie, wakwe wasione hata ngozi ya mguu. Kumbe huku mtaani Kawajense mvua ilikuwa imenyesha. Nikafika kwao Sadiki na tope hadi kwenye mashavu ya miguu, na ndani wote wamekaa mkekani pekupeku. Kuvua sasa, zipu haishuki, imejaa tope! Mama yake akainama akavuta, mawifi wakavuta, gauni likapanda hadi mapajani. Baba mkwe akageukia ukutani: "Astaghfirullah." Sadiki, mchumba mwenyewe, alikuwa ameinamia simu.

Mwisho mama akazichana buti zote mbili kwa kisu cha jikoni. Akanipangusa miguu kwa kanga yake, akanivisha kandambili zake, halafu kwa sauti ya upole kabisa akaniuliza, "Mwanangu, basi la kurudi linaondoka saa ngapi?"

Nibusie watoto, dada yangu. Kadi hii ikitangulia kufika, nisubiri stendi, uje na viatu.

Mdogo wako,
Rehema