Kikombe cha Tano

Safed, 2 Desemba

Bibi Simha,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Mimi mzima, ila nina jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote.

Kile kinara cha sikukuu ya Hanuka cha sinagogi, cha vioo vya buluu na vyekundu kama komamanga, nimekiharibu makusudi. Kikombe cha tano cha mafuta nimekilehemu juu zaidi ya vingine kwa upana wa kidole. Unajua mwenyewe: taa nane zisipokuwa usawa mmoja, hakiwashwi.

Nilikichora mimi nilipomaliza shule, na kila kioo nimekikata mimi. Jana Bwana Yoram, mwenye karakana ninayofanyia kazi, alibandika chini yake kibati chenye jina lake mwenyewe. Nilipomuuliza, alicheka mbele ya wateja: "Binti, hata salamu yako haisikiki. Nani atakuamini?"

Nataka aaibike mbele ya watu wote.

Mjukuu wako,
Noga

Ofakim, 5 Desemba

Mjukuu wangu,

Marahaba. Goti linalalamika, mimi ninakula. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikicheka. Mimi ningemmwagia na chai.

Lakini watu wa sinagogi wamekukosea nini hata wakose taa yao? Aibu iwe yake peke yake. Niambie, huyo bwana bado anaweza kulehemu?

Bibi yako

Safed, 8 Desemba

Bibi,

Shikamoo. Hawezi. Mikono inamtetemeka, mwaka wa nne huu hajagusa chuma cha moto, na wateja hawajui. Nimekuelewa. Kikombe nimekilegeza, kinashikiliwa na tone moja tu la bati, kiweze kushushwa upesi. Mfuko wangu wa vifaa uko tayari.

Mjukuu wako

Safed, 15 Desemba

Bibi yangu,

Shikamoo. Natumaini umewasha salama.

Jana sinagogini, kabla ya kuwasha taa ya kwanza, Rabi Elkana aliinama akakitazama kinara. "Yoram, hiki cha tano kimepanda. Kishushe, jua bado halijazama."

Yoram alitafuta visingizio, kisha akashika chuma, kikamtetemeka, akaunguza kidole. Nikatoka upande wa wanawake na mfuko wangu.

"Nipe. Mimi ndiye niliyekitengeneza."

Sauti yangu ilifika mlangoni. Nilikishusha kwa dakika saba tu. Rabi aliniangalia mimi, akaangalia kibati, akakibandua kwa ukucha wake. Nikamkazia Yoram macho mpaka akainamisha yake. Nilifurahi, Bibi, na bado nafurahi.

Watu wanasema kikombe kilipanda kwa kosa la mzee Yoram. Hata Mama anaamini hivyo. Barua hizi zichome jikoni, si kwa taa za Hanuka, maana hizo ni mwiko kuzitumia kwa kazi nyingine, na usimwambie mtu.

Mjukuu wako,
Noga