Mkono wa Babu

Alhamisi, 6 Novemba

Daktari amesema moyo umechoka: nisipande ngazi, nisikasirike. Ngazi nimeziacha.

Mjukuu wangu ameegemeza bango sebuleni. Picha yangu, kubwa kama ya mgombea ubunge, na chini yake: MKONO WA BABU. Kesho linakwenda kwenye maonyesho ya wasanii wa kujitegemea – ukumbi mzima wa vinyago ambavyo watu wazima wanavikusanya na kuvitazama tu. Alimteremsha Mnunaji, yule mnyama wangu wa udongo aliyenuna, kutoka juu ya kabati, akamtengenezea kalibu ya kunakilia umbo lake, akamimina resini, ile plastiki ya maji inayoganda. Wanunaji mia moja, kila mmoja na namba yake. Ameacha kazi ya ofisini kwa ajili hiyo. Mimi hakuniuliza. Nilipofoka akacheka. "Wewe nuna tu, Babu. Ndipo watanunua. Mnafanana mno."

Mnafanana! Mtoto hajui amesema nini.

Ijumaa, 7 Novemba

Kelele, kelele. Wanaume wenye ndevu wanapanga foleni kununua sungura wa macho matatu. Mimi nimewekwa kwenye kiti cha magurudumu nyuma ya meza, kama bidhaa. Na Mnunaji wanampenda: mashavu yamefura, mikono imefungwa kifuani, tumbo mbele. Binti mmoja akauliza ngozi ile niliichora kwa kutumia nini. Nikasema kwa kijiti. Hata sijui kama kilikuwa kijiti.

Mchana akaja fundi wa meza ya jirani, wanamwita Miwani. Akamgeuza Mnunaji chini ya taa, akacheka.

"Kumbe Mzee ni mashoto mwenzangu! Ona mikwaruzo inavyolala. Ya watu wa mkono wa kulia hulalia huku. Na hapa mgongoni pana shimo la gumba – la kushoto, nakuapia. Hebu weka lako tuone."

Nikasema mikono inatetemeka. Nikasema ndiyo, mimi mashoto. Kisha nikanywa dawa kwa mkono wa kulia, mbele yake. Aliona. Akarudi kwenye meza yake anapiga mluzi.

Ningekuwa na nguvu ningemrushia kikombe. Miaka arobaini na moja hakuna aliyemgeuza yule mnyama akamsoma mgongo. Yeye ni nani?

Jumamosi, 8 Novemba

Sikwenda. Nimesingizia kifua. Mjukuu amekwenda peke yake, nimebaki na Mnunaji wa udongo mezani, yeye kanuna, mimi nimenuna. Basi niandike, maana nikifa hakuna mwingine wa kuliandika hili.

Sikumfinyanga mimi. Alimfinyanga mke wangu. Nilikuwa nimenuna siku nne, kisa alinisahihisha mbele ya walimu wenzangu. Siku ya tano nikamkuta huyu kwenye meza ya chakula, na mashavu yake, na tumbo lake. "Mwalimu, jitazame," akasema. Nilicheka mpaka machozi.

Kisha nikampeleka Mnunaji kwenye mashindano ya walimu wa uchoraji. Fomu ilikuwa na nafasi ya jina moja. Nilimuuliza mke wangu jikoni, alikuwa anaosha vyombo, amenipa mgongo. "Sura ni yako," akasema. "Na jina weka lako."

Nilishinda. Nikapandishwa cheo. Tangu hapo nimejiambia kwamba aliniruhusu. Ruhusa gani? Mtu amekwambia "weka lako" na hakugeuka. Nilielewa siku ile ile, nikajifanya kiziwi. Hakushika udongo tena mpaka alipokufa. Nilipomuuliza sababu, alisema unamchafua kucha.

Laiti angenitukana. Hata hilo alininyima, na leo hii bado namkasirikia, mwizi ninayemkasirikia niliyemwibia.

Nimeweka gumba langu kwenye lile shimo. La kulia halikai. La kushoto nalo halikai – nene mno.

Jumapili, 9 Novemba

Siku ya kutia sahihi. Naandika nyuma ya meza, daftari magotini. Foleni imefika mlangoni. Mjukuu anatoa Wanunaji kwenye maboksi. Yeye ni mashoto, na kila amshikapo mmoja, gumba lake linaangukia kwenye lile shimo, bila kutazama. Alipokuwa na miaka sita niliuchapa rula mkono huo ili aandike kama watu. Bibi yake alitoka nje, akafunga mlango polepole. Polepole!

Asubuhi garini nilijaribu. Nikasema lile bango lina kosa. Akasema, "Babu, leo usinune, nakuomba. Leo tu." Macho mekundu, hakulala. Nikinyamaza nitazikwa na jina langu kwenye nyayo mia moja zisizo zangu. Nikisema nitambomolea kibanda chake mbele ya hadhara, na mimi nitakufa, yeye ndiye atakayebaki kuokota vipande. Hayo yote mawili nimeyatengeneza mimi, kwa mkono wangu. Huo kweli ni mkono wa Babu.

Amenipa kalamu ya wino mweupe. "Chini ya unyayo, Babu. Jina tu." Wa kwanza kwenye foleni ni Miwani, mikono imefungwa kifuani. Makusudi.

Nimeandika. Herufi zimepinda lakini zinasomeka. Mjukuu amemchukua Mnunaji ili apulize wino ukauke, na pumzi imemwishia njiani. Amesoma. Amesoma tena. Ameinama sikioni kwangu.

"Babu, umekosea. Hili ni jina la Bibi."

Nimemwambia alete namba mbili.