Baba, Wamekuja na Bunduki za Betri

Baba,

Sikuulizi hali, maana sijui huko uliko watu huulizwaje. Hali yangu mimi ni mbaya, naogopa. Nimeamka naogopa, nimeswali naogopa, na sasa jua limeshapanda nimejifungia humu karakanani kwako, nimetia komeo, naandika juu ya benchi lako huku nikisikiliza kila gari linalopunguza mwendo barabarani. Leo ni Jumamosi. Mchana timu ya Nakonde inavuka mpaka kutoka Zambia kuja kucheza kule Mpemba, na kabla ya kwenda kiwanjani watapita hapa na Hamidu mwenye kiwanja kuchukua mitungi yao ya gesi.

Nianze na ya nyumbani. Mama bado yuko eda. Anakaa chumba cha ndani, na kila nikipita ananiuliza kama nimekula, hata kama tumetoka kula pamoja. Kazi ipo. Malori yanaleta mitungi ya kuzimia moto kama zamani, maana trafiki hawaachii gari lenye mtungi mtupu. Madereva wengine hawajapata habari, wanaingia wakiita, "Fundi Bakari!" Wakiniona mimi na ovaroli yako iliyokunjwa mikono wananipa pole. Ubao wa nje sijaubadilisha jina, na sina mpango.

Ninachotaka kukueleza ni cha kiwanjani. Sina mwingine wa kumweleza, kwa sababu mama nikimwambia ataanza kulia, na wewe ndiye uliyeniachia filimbi ya uamuzi.

Unakumbuka Hamidu alivyokuja na zile bunduki za kurushia vidonge vya rangi? Tajiri wa malori mzima, akakaa hapo kwenye ndoo iliyogeuzwa, akasema ameona watu wakizichezea Lusaka, na kwamba madereva wanaooza kwenye foleni ya mpakani watalipa kupigana vita vya rangi. Ulicheka mpaka ukashika ukuta. Lakini bunduki zile zinasukumwa na gesi ileile unayojaza kwenye mitungi ya malori, na Tunduma nzima mwenye mashine ya kuijaza ulikuwa wewe. Ukaanza kama mjaza gesi, haukupita muda ukawa mwamuzi. Polisi walipokuja mbio kwa sababu wameambiwa Mpemba kuna bunduki, uliwapa mgongo wako wapige waone kama ni rangi. Ulirudi na uvimbe wa bluu mkubwa kama yai, mama akakukanda kwa maji ya chumvi huku akikutukana, mimi nacheka nyuma ya pazia.

Uliweka masharti yako. Kabla ya mchezo kila bunduki ilipigwa kwenye bati lile ulilolisimamisha kando ya lango, wewe umefumba macho. "Nikizisikia moja moja, ingia. Nikisikia mvua, weka mezani." Watu walikuona mshamba. Mimi nilikuelewa siku ya kwanza tu uliponisimamisha mle ndani ya kiwanja. Aliyepigwa anatakiwa ainue mkono atoke. Sasa bunduki ikinyesha kama mvua, mkono haujafika juu ameshapigwa nyingine nyingi, kinyago kinahama usoni, na chini ya kinyago kuna macho ya mtoto wa mtu.

Na lile sharti la ndugu. Hamidu alitaka wachezaji wasaini karatasi, ukamwambia karatasi haina namba ya simu. Ukataka kila mchezaji aje na ndugu yake, asimame kwenye kamba ya kuzungushia kiwanja, aseme mbele za watu: "Huyu ni wetu, akiumia mniite mimi." Walikucheka kwa hilo pia, lakini walikuja. Wajomba walikuja, dada walikuja na watoto mgongoni. Kiwanja kikawa kama shughuli ya harusi.

Baba, baada ya kukuzika watu walichoka kuwaleta ndugu. Si unaijua Tunduma, hakuna kitu ambacho hakina dalali. Pale stendi wakatokea watu wa kusimama kwa niaba. Unampa soda na nauli, anakuwa mjomba wako mpaka jioni. Sikujua. Niliona wajomba wamezidi kuwa wachangamfu, nikafurahi!

Ezekia alikuja na mjomba wa namna hiyo. Ezekia yule mpakia mizigo, aliyekuwa akikuita Babu Gesi na wewe unamrushia kitambaa cha mafuta. Siku hiyo Nakonde walikuwa na bunduki mpya, za betri: gesi bado ndiyo inayosukuma, betri inafyatua tu. Nahodha wao alinisalimia kwa adabu, "Mulishani, ba referi," nikazipima zote kwenye bati. Nilifumba macho kama wewe. Zililia moja moja, Baba, naapa. Zote nikaziruhusu.

Mle ndani mmoja wao aligusa kiswichi kilichojificha chini ya betri. Nilisikia mvua. Nilipuliza filimbi mpaka kifua kikauma, lakini Ezekia alikuwa ameshapigwa begani, ameinua mkono, anageuka kutoka, na ile rangi inamfuata tu. Kinyago kilipanda kwenye paji la uso. Nilimwona anakaa chini taratibu, kiganja kimefunika jicho la kushoto. Nilimtafuta mjomba kwenye kamba. Hayupo.

Ezekia yuko hospitali Mbeya. Daktari anasema tusubiri. Mwenyewe aliniambia kwenye simu kwamba jicho lile linaona kama mtu aliyetazama ndani ya maji ya mchele, halafu akacheka ili nisilie. Nililia.

Mtu wa kupeleka habari kwao alikuwa mimi, maana mama hawezi kutoka na Hamidu alisema ana mzigo forodhani. Nikapanda gari la Ihanda. Nilimkuta mama yake anageuzageuza kahawa kwenye kitanda cha kuanikia. Nikamweleza yote, nikamwambia tulidhani yuko salama kwa sababu mjomba wake alisimama. Akaacha kugeuza kahawa. "Mjomba gani, mwanangu? Mimi sina kaka. Kwetu tulizaliwa wasichana watupu."

Laiti angenifukuza. Alinikaribisha ndani, akanipa chai na viazi, akakaa akinitazama nikishindwa kumeza. Nilipoaga alinishika mkono akasema, "Basi mimi sasa nakujua wewe." Hakusema kwa ukali. Maneno hayo nimelala nayo na kuamka nayo, na sijui kama ni ya kunisamehe au ya kunishtaki.

Nilidhani Hamidu atafunga kiwanja japo kwa muda. Wapi! Juzi alikuja hapa ananukia marashi, akasema watu wameongezeka, wanataka kuona kile walichosimuliwa. Anataka bati liondolewe, kila mtu apige kadiri bunduki yake inavyoweza. Wazambia wakikataliwa bunduki zao, hawarudi tena. Ndugu wa kwenye kamba nao basi, wachezaji wasaini karatasi. Nikamuuliza, akiumia mtu mwingine je? Akatabasamu, akanipiga begani kama mtoto wake. "Mwamuzi ni wewe, Zuu. Filimbi si yangu."

Umesikia hiyo? Kiwanja chake, viingilio vyake, na jicho litakalotoka ni langu. Nikamfungulia mlango akaenda zake. Yeye ndiye anayetuletea nusu ya malori tunayojazia, Baba. Akiyapeleka Mbeya, mama atakula nini akitoka eda? Hilo linaniogopesha. Polisi wananiogopesha. Yule mama wa Ihanda ananiogopesha kuliko wote, na sijawahi kuona mtu mpole kama yeye.

Nimejaribu kukuwazia ungefanyaje. Ungemtania Hamidu mpaka acheke, halafu akicheka unapitisha lako. Mimi sina utani huo. Nikiogopa nakauka, unanijua.

Mitungi ya Nakonde iko hapa sakafuni, waliileta jana. Mashine iko tayari, ningeanza alfajiri ningekuwa nimeshamaliza. Sijajaza hata mmoja. Nimekaa naitazama tu, kila nikishika mpira wa kujazia naona kile kiganja kimefunika jicho.

Gari limesimama nje. Ni Hamidu, naijua breki yake. Yupo na wenzake, nasikia milango inafungwa na watu wanacheka. Angalia mwandiko wangu ulivyoharibika.

Baba, nikuage haraka. Mungu akupanulie hapo ulipolala, akupe usingizi usio na filimbi wala makelele. Mama nitamtunza, hata ikibidi tuuze mashine. Na hili nakuahidi: gesi hii haitaingia kwenye bunduki ya betri, leo wala siku nyingine, na kesho nakwenda Mbeya kukaa na Ezekia mpaka wamfungue bandeji.

Wanagonga. Naenda kufungua mwenyewe. Wakiniuliza ni nani kakataza, sitasema ni masharti ya marehemu baba. Nitasema ni mimi.

Binti yako,
Zuhura