Mbegu Juu ya Mabati

Jumanne, 28 Oktoba
Nimechambua ndengu tangu asubuhi. Zilizotobolewa na wadudu kando, nzima kwenye debe. Mgongo unauma. Debe hili ndilo mbegu yote tuliyo nayo. Msimu uliopita mvua ilinyesha mara mbili, joto likapanda, mizizi ikaoza, shamba likakauka likiwa na maua. Ikirudia hivyo hatuna cha kupika wala cha kupanda.

Jumatano, 29 Oktoba
Nimeenda mjini Zombe kuchukua unga wa kupaka mbegu kwa afisa wa kilimo. Paketi moja. Amesema ndani kuna bakteria wazuri. Wanashika mizizi na kuzuia ukungu unaoiozesha, hata udongo ukichemka. Ila ni viumbe hai, jua kali huwaua. Nipake mbegu, nikaushe kivulini, nipande siku hiyo hiyo. Musyoka, mume wangu, amecheka. Eti nimeleta ugonjwa nyumbani kwa paketi. Acheke tu.

Ijumaa, 31 Oktoba
Sijawahi kukasirika hivi.
Asubuhi nilipaka mbegu zote kwa maji ya sukari na ule unga, nikaziacha kwenye nyungo chini ya ghala. Nikaenda mkutano wa akina mama kanisani. Nimerudi saa saba. Nyungo tupu. Mwaitu, mama mkwe wangu, na magoti yake mabovu, alipanda ngazi akazimwaga zote juu ya mabati ya paa la jiko. Kwa sababu mbegu yenye maji huanikwa juani. Kwa sababu ndivyo wanavyofanya hapa tangu zamani. Mabati yaliniunguza vidole nikizikusanya.
Nimempigia kelele. Nimemwambia ameniulia shamba kwa uzee wake. Majirani wamesikia. Mwaitu amekaa kwenye kigoda akisugua magoti.

Jumamosi, 1 Novemba
Ilibaki vijiko viwili vya unga kwenye paketi, kando ya mtungi. Nimezipaka upya mbegu za mkebe mmoja. Zimetosha mistari minne upande wa ua. Kwingine kote tumepanda zile za mabati, tungefanyaje? Mwaitu alichimba mashimo pamoja nasi. Nilimpa mgongo.

Jumapili, 23 Novemba
Mvua ilikuja, ikaenda. Siku ya tisa ya jua kali. Pasta amehubiri juu ya msamaha. Muda wote nilikuwa nawaza mizizi.

Jumatatu, 8 Desemba
Ndengu zimeanza kufa. Shina jeusi karibu na udongo, ukivuta linakuja mkononi bila nguvu. Musyoka hacheki tena. Nimeng'oa mpaka kiuno kikakataa. Ile mistari minne imesimama, kijani kabisa, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Shamba zima lingekuwa hivyo!
Nimempigia afisa simu nimlaumu na yeye. Amesikiliza. Kisha ameuliza kwa upole kama niliwaeleza wenzangu wa nyumbani. Nimekata simu.

Jumanne, 9 Desemba
Swali lile limekataa kutoka.
Sikumweleza. Afisa alinieleza mambo yote, akarudia. Mimi sikumpa Mwaitu hata sentensi moja ya Kikamba. Niliweka nyungo, nikaenda zangu kanisani. Nilidhani mambo ya bakteria hatayaelewa. Yeye ndiye aliyenifundisha kupanda ndengu nilipoolewa hapa. Aliona mbegu zimelowa, akaogopa zitaoza, akapanda ngazi kunisaidia.
Bado nina hasira. Sasa ni yangu mwenyewe, sina wa kumtupia.

Jumatano, 14 Januari
Musyoka ameenda Mutomo kutafuta kibarua. Chakula tutanunua mpaka msimu mwingine.
Mistari minne imekauka vizuri. Mwaitu amechuma mwenyewe, polepole. Debe halijajaa, lakini mbegu ipo. Amekuja na ungo mpaka mlangoni kwangu, akasimama nje.
"Mama Mwende, hizi nianike kwa jua ama kwa kivuli?"
Ndengu zilizochumwa huanikwa juani. Anajua. Amefanya hivyo maisha yake yote. Sasa anabisha hodi kuniuliza mimi.
Nimemwambia kwa jua, Mwaitu. Nimeupokea ungo, nikapanda ngazi. Yeye ameishika chini mpaka nimemaliza.