Kibao cha Kwizera

Jumanne, 6 Agosti 2019

Soko la pamoja kule kwenye kambi ya wakimbizi, Kibondo, leo ndiyo mwisho. Wamesema hivyo tu: mwisho, kila mwenye bidhaa abebe. Miaka mitatu nimeuza pale vitenge na mabeseni, leo naambiwa nibebe kama mtu aliyekuja kutembea. Haya. Nimebeba.

Nilikuwa nafunga marobota akaja Kezia. Mrundi, mteja wangu tangu mwanzo, mama wa sauti ndogo, ukiwa na haraka humsikii. Hakuja kununua. Katoa picha kwenye mfuko wa nailoni, mfuko ndani ya mfuko. Kwizera huyo, kitinda mimba wake. Malaria ilimchukua mwezi wa tatu, miaka sita. Picha ni hiyo moja tu duniani, alipigwa Krismasi. Mtoto kasimama wima, gauni la njano, kakunja uso kwa ajili ya jua. Begani kwake kuna mkono wa mama. Kezia mwenyewe haonekani, mkono tu.

Anataka kibao cha kaburi kama nilichomwagizia marehemu baba kutoka Uchina. Cha kauri, sura ya mtu imechomwa humo humo, mvua haifuti. Alikiona kwenye simu yangu. Msalaba wa kwanza wa Kwizera umeliwa na mchwa, wa pili nao umeanza. Kilichobaki ni namba ya kaburi, kaiandika kwa penseli nyuma ya picha. Na wao wamejiandikisha kurudi Burundi, zamu yao wanasema ni Desemba.

Tuliongea Kirundi chake na Kihangaza changu, hatuhitaji mkalimani. Kasema: nilimleta hapa mgongoni. Nitaondoka mgongo mtupu. Nisimwache ugenini akiwa namba.

Kalipa yote pale pale, na hela ya ndege ili kifike upesi, kaniachia na picha. Nikamwahidi wiki tatu. Pancras, dereva anayepeleka unga kambini, ana kibali, atakiingiza. Nimeapa mpaka nimejishangaa. Kiherehere changu mimi Melania kitaniua siku moja.

Ijumaa, 9 Agosti

Basi, biashara sasa ni ya kwenye simu. Nyakanazi hapa mtandao unashika vizuri ukisimama karibu na kituo cha mafuta. Naagiza Uchina, Haji anasafirisha kupitia wakala wake huko, anapokea Kariakoo na kunipakilia kwenye basi, mimi natangaza kwenye magrupu. Haji ni mtu wa Pwani, kwao biashara wanarithi kama sisi tunavyorithi migomba. Ananiita mwanafunzi wangu.

Nimempelekea picha Mchina wa vibao, Bi Lin. Tunaandikiana kwa ile tafsiri ya simu, wakati mwingine ananiita mheshimiwa mteja, wakati mwingine bwana. Leo kanirudishia sampuli. Jamani! Gauni linang'aa, ile mikunjo ya karatasi imeondoka, nyuma kaweka mawingu. Kwizera kama malaika wa kwenye kalenda ya parokia.

Akauliza: mkono tuuache au tuutoe? Nikaangalia. Kweli mkono ulikuwa unakaa vibaya, umetokea pembeni bila mwenyewe. Nikamwandikia utoe.

Jumatano, 14 Agosti

Nimeweka sampuli ya Kwizera kwenye stetasi na kwenye magrupu yote ya Ngara na Biharamulo. "Mpendwa wako hatafutika. Agiza mapema kabla ya Siku ya Marehemu." Maneno hayo nimeyatunga mwenyewe, nilikuwa nakaanga maandazi.

Simu haijanyamaza. Rulenge, Kabanga, Bisibo, mpaka mwalimu mmoja wa Nyamahanga anayetaka vitatu, wazazi na kaka. Kila mtu anataka kibao kiwe kaburini tarehe mbili Novemba, padri akipita na maji ya baraka akikute. Na kila mtu anaanza na yule mtoto. "Nataka kama cha yule mtoto." "Yule mtoto wa mawingu."

Mama kapiga kutoka Ngara. Shikamoo, marahaba, halafu: huyo mtoto ni wa nani, Melania? Nikamwambia wa mteja. Akauliza mama yake anajua kwamba anazungushwa kwenye simu za watu? Nikasema mama, hii ni biashara. Akasema haya. Ile haya yake naijua.

Jumatatu, 19 Agosti

Haji anauliza: kile cha mtoto kimetoka kiwandani peke yake, nikipandishe ndege leo, au kisubiri wenzake waende wote kwa meli?

Nikafikiri. Vya Ngara vyote vinakwenda kwa meli, vinafika katikati ya Oktoba, Siku ya Marehemu bado. Kezia anaondoka Desemba. Oktoba hadi Desemba kuna nafasi ya kutosha. Kwa nini kimoja kipande ndege kama waziri? Na ile hela ya ndege inabaki kwangu. Soko limefungwa, nami ninakula nini?

Haji kasema: mwanafunzi wangu, si alilipia ndege? Nikamjibu mteja ni wangu. Akasema sawa, kinaingia kwenye kontena.

Nimeandika hapa ili nisije nikasema ni Haji aliyeshauri.

Jumapili, 15 Septemba

Kezia kapiga kwa simu ya jirani yake. Wiki tatu zimepita, zimekaribia sita. Hakulalamika. Kauliza tu kama Kwizera ametoka vizuri.

Nikasema ametoka vizuri mno. Nikasema yuko njiani, huko forodhani wanachelewesha, unajua serikali. Akasema pole kwa usumbufu. Yeye ndiye kanipa pole!

Misa sikwenda. Nimefua tangu asubuhi.

Alhamisi, 3 Oktoba

Meli imechelewa. Haji anasema ilisimama bandari nyingine huko, siku nyingi. Wateja wa Ngara wananiandikia kila saa. Nimewajibu wote. Kezia hana wasapu, kwa hiyo ndiye pekee asiyenisumbua.

Ijumaa, 18 Oktoba

Zamu ya Kezia imesogezwa. Si Desemba. Ni Jumatano hii.

Nilikaa chini pale pale kwenye kituo cha mafuta, juu ya kreti ya soda. Kezia alikuwa anaongea polepole, nyuma kuna watu wanagombania simu. Kasema majina yamebandikwa ubaoni, wakikataa sasa hawajui wataitwa lini tena, na mume wake ameshaamua. Akauliza kibao. Nikasema kontena limefika Dar, linatolewa. Hilo ni kweli, Haji kaniambia jana. Kweli ya kwanza niliyompa tangu Agosti.

Halafu akasema basi, dada, kibao utakiweka wewe kikija, namba unayo nyuma ya picha. Mimi nirudishie picha yangu tu. Nimeanza kumsahau macho.

Msafara wa mabasi yao unapita hapa Nyakanazi kwenda Ngara mpaka mpakani. Kwenye lile tuta la barabarani mabasi hupunguza mwendo, watu huwa wanapitisha hata ndizi dirishani. Kasema atakaa upande wa kushoto, dirishani, kilemba cha kijani. Nimpe tu mkononi.

Jumamosi, 19 Oktoba

Pancras kapita na lori, anakwenda kambini. Kasema shemeji, kama kuna kitu cha yule mama nipe nimpelekee, leo saa tisa nitakuwa naye.

Picha ilikuwa mezani. Nimeiona kabisa. Nikamwambia hapana, nitampa mwenyewe Jumatano, pamoja na kibao. Haji kaapa Jumatatu jioni kinapanda basi. Nilitaka nimwone akikishika. Nilitaka, nisiseme uongo kwenye daftari langu, anione nikitimiza.

Pancras akasema sawa, wewe ndiye unajua. Akaondoka.

Jumatano, 23 Oktoba

Niandike tu kama ilivyokuwa.

Saa mbili nilikuwa kwenye tuta. Picha kwenye mfuko wake, mfuko ndani ya mfuko, nimeushika. Basi lenye mzigo wa Haji lilipaswa kuwa limefika alfajiri, lilikuwa limeharibika Kahama. Saa nne bado. Wauza ndizi wamejipanga, wauza mayai, na watu wengine kama mimi, wana jamaa zao kwenye msafara.

Saa tano kasoro basi la Dar likaingia stendi. Stendi na tuta ni hatua mia mbili, labda na hamsini. Mama Fathiya wa ndizi akanambia usiende, polisi wa msafara wameshaonekana pale juu. Nikasema nakimbia mara moja. Nilimwambia hivyo, mara moja.

Kwenye dirisha la vifurushi kulikuwa na foleni. Karani anataka kitambulisho. Nikatoa. Anataka nitie sahihi kitabuni. Kalamu haiandiki. Nasikia ving'ora, nasikia mabasi yanabadilisha gia, namwambia kaka nipe, nipe tu, nasema mpaka naona aibu. Akanipa. Nimetoka na boksi kichwani na mfuko mkononi, nakimbia kama mwehu, na basi la mwisho lilikuwa linapanda kilima.

Mama Fathiya hakunigombeza. Angenigombeza ingekuwa nafuu. Kaniambia alikuwepo, basi la tatu, kilemba cha kijani. Lilipunguza mwendo pale pale, kama alivyosema. Kasema: alitoa mkono dirishani, hakuita mtu, mkono tu, ameukunjua hivi. Nilitaka kumpa ndizi hakuchukua. Mkono ukabaki nje mpaka wakapotea.

Alhamisi, 24 Oktoba

Nimefungua boksi. Vibao vya watu wa Ngara vyote vizima.

Cha Kwizera kiko juu kabisa. Kizuri. Nimekiweka mezani pembeni ya picha yake. Kwenye picha mtoto amekunja uso lakini hana wasiwasi, ameegemea kidogo upande ule wa mkono. Kwenye kibao ameegemea vile vile. Ameegemea hewa. Bega liko wazi, na pale vidole vilipokuwa Bi Lin ameweka gauni safi.

Nimelia mpaka mpangaji wa chumba cha pili kaja kuuliza nani amefariki.

Jumatatu, 28 Oktoba

Namba ya Kezia ni ya jirani aliyebaki kambini. Anasema hakuacha namba nyingine. Anachojua ni Muyinga, huko Burundi, kilima fulani, jina hana hakika.

Vibao vya Ngara nimevituma kwa basi. Wameanza kutuma shukrani na picha za makaburi yaliyofagiliwa. Haji kanipongeza, kauliza oda ya pili lini. Nikamwambia sijui. Tangazo nimelifuta kwenye magrupu, lakini watu wameshalipeleka kwingine, halina mwenyewe tena.

Pancras nimemwomba akiweke yeye kile cha Kwizera. Kakataa kwa upole. Shemeji, mimi unga nitaingiza, lakini kuweka kitu juu ya kaburi la mtoto wa watu, kisa sikijui, hapana. Twende uwaombe langoni mwenyewe. Wakikuruhusu, nitakusaidia kuchanganya simenti.

Jumamosi, 2 Novemba

Siku ya Marehemu. Naandika hapa stendi, daftari juu ya goti. Boksi liko miguuni.

Mama ananisubiri Ngara. Kaburi la baba limeshapaliliwa, padri anapita saa tisa, kila mtoto awe amesimama mahali pake. Kapiga mara mbili. Mara ya pili nikamwambia mama, pengine sitafika. Akauliza unakwenda wapi siku ya leo? Nikasema kwa yule mtoto. Nilijua atanisema. Badala yake kasema nenda na maji ya baraka basi, wao wana padri gani huko. Sina maji ya baraka. Nina chupa ya maji ya dukani na kilo tano za simenti.

Kibali sina. Langoni wanaweza kunirudisha kabla hata sijafungua mdomo. Nikiruhusiwa, nitaweka sura ambayo nimeipunguza mwenyewe. Na picha yenyewe, ile yenye mkono, iko huku kifuani, na Kezia yuko kilima sijui kipi, ameanza kusahau macho.

Basi la Ngara limeondoka. Nimeliangalia likiondoka.

Simu imeingia ujumbe, namba mpya, mwanamke, anasema yuko Geita. Ameona tangazo kwa rafiki yake. Anataka kibao cha mwanawe, alikuwa na miaka minne. Mwisho kaandika: pole sana dada, huyo binti wa mawingu ni wako?

Nimeandika ndiyo. Nimefuta. Nimeandika hapana. Nimefuta.

La Kibondo limeingia. Konda ananiuliza, mama wa boksi, unapanda au unasindikiza? Namwambia asubiri kidogo, kuna mtu namjibu.