Nukta Asizozijua Baba Mwenye Nyumba

Dada yangu, shikamoo. Natumaini yale mafua yamekuachia pua yako. Mimi ni mzima, nakula nashiba, na uzuri wangu unazidi kila siku; kwa kuwa huuoni, itabidi uniamini tu.

Najua umeshtuka kupapasa vinundu badala ya karatasi laini ya wino. Ni mimi, kwa mkono wangu! Ulipojifunza kusoma kwa vidole ulinicheka kwamba nina macho mawili makubwa na barua yako siwezi kuisoma. Basi, maneno yako yameze. Hapa kiwandani, tunapochapa vitabu vya wasioona, mimi ni mbandika majalada, lakini fundi mkuu, ambaye naye haoni, amekubali kunifundisha.

Ananiambia zamani vitabu vyenu vilikuwa na herufi zetu hizi hizi, zimeinuliwa juu ya karatasi, kubwa kubwa; mtu anaipapasa moja mpaka chai inapoa. Kuziandika mwenyewe ndiyo ilikuwa kasheshe. Ndipo kijana mmoja asiyeona, mdogo kuliko mimi, akachukua nukta zilizobuniwa ili askari wasome ujumbe gizani, akazipunguza hadi sita, zikaenea chini ya kidole kimoja. Sasa mtu akaweza kusoma na kujibu. Nikamwambia fundi hata mimi ningebuni, ila nilichelewa kuzaliwa. Akasema nianze kwa kutoboa nukta za jina langu bila kukosea.

Hii ni barua ya pili. Ya kwanza niliitoboa vizuri sana, ikajikunja pembeni, na mimi na unadhifu wangu nikaipiga pasi. Fundi akapitisha kidole, asikute nukta hata moja, akauliza kama nimemletea kitambaa cha meza. Wenzangu kiwandani walicheka mpaka mlinzi akaja mbio kutoka getini.

Sasa nikuambie kwa nini nimehangaika hivi. Barua zangu zote unasomewa na baba mwenye nyumba wako, tena kwa sauti, wapangaji wote wakisikiliza, na akifika penye utamu anarudia. Ningeandikaje kwamba nampenda binti yake? Ndiyo, huyo huyo anayekusuka nywele na kuvicheka viatu vyangu. Nimesikia kuna fundi saa mmoja ameanza kumpitiapitia hapo na kofia mpya. Dada, nimedanganya hapo juu: chakula hakipiti. Muulize mkiwa wawili tu, kama anataka nije kujitambulisha kwao. Akikubali, nakuja hata kwa miguu. Akikataa, niambie taratibu. Nitobolee jibu leo leo, na usilipige pasi.

Wabusu wapwa zangu. Baba mwenye nyumba lazima atauliza nimeandika nini. Mwambie namsalimia tu. Wala hutakuwa umesema uongo: msalimie sana, kwa heshima zote anazostahili baba mkwe.

Mdogo wako mwenye kidole kilichovimba,
Kidomo