Waya Mkononi mwa Mama

Mjukuu wangu Kendi,

Hapa Timau tu wazima, baridi ni ile ile, na mama yako amemaliza kupanda viazi.

Umeniandikia kwamba antena ndogo mnayoitengeneza, ile ya kifaa cha kuwekwa kifuani mwa mgonjwa wa moyo, inashika vizuri ikiwa mezani, lakini mkiizungushia nyama, kama itakavyokuwa mwilini, inapoteza mawimbi. Unauliza kama nimewahi kuona mwili ukibadilisha redio.

Nimeona. Nilipokuwa msichana, redio yetu ilikwaruza mpaka mtu ashike waya wa antena. Jioni moja mama aliushika ili baba asikilize matangazo ya vifo. Sauti ikatulia, na jina lililosomwa lilikuwa la kaka yake mama. Hakuna aliyejua hata kama anaugua.

Baba akamwambia, "Mama Kinya, achilia."

Mama akatikisa kichwa. Angeachilia, tusingesikia siku ya mazishi. Alisimama pale, waya mkononi, mpaka tangazo likaisha.

Kwa hivyo usiipime antena peke yake, mjukuu wangu. Aliyeibeba naye ni sehemu yake.

Nyanya yako anayekuombea